Punje Katika Shavu la Shangazi

Ukimkuta shangazi Avelina anaongea kama mtu aliyeficha karanga shavuni, usimwulize anatafuna nini. Hatafuni kitu. Yuko kazini.

Ndivyo watu wa mtaa wetu wa Malangali walivyokuwa wanamwambia mgeni, na mimi niliyekaa naye nyumba moja nasema walikuwa sahihi. Shangazi yangu anatengeneza meno ya bandia. Chumba cha mbele ndicho cha kazi. Kuna meza, kuna dirisha pana, na kwenye ubao ukutani vimepangwa vinywa vya plasta, vyeupe, vimeachama. Mtu akiingia mara ya kwanza anaviangalia vile vinywa halafu anafunga cha kwake. Daktari Atusaye wa kliniki ndiye anayepima wagonjwa. Anawang'atisha kitu laini kama udongo, alama ya fizi inabaki humo, inaletwa kwa shangazi. Yeye anamwaga plasta, anapanga meno kwenye nta, halafu anachanganya unga wa pinki na maji yake, yale yenye harufu ya kupanda mpaka kwenye macho. Anaukanda kama ugali wa mtoto, anaushindilia kwenye kikopo cha shaba, anakibana kwa skrubu na kukipika kwenye sufuria ya maji. Unga ukiiva unakuwa mgumu, na hiyo ndiyo fizi ya bandia.

Kila mara anabakiza kidonge cha unga uleule, ukubwa wa punje ya harage, anakipika humohumo na meno. Kikitoka anakisugua mpaka kinang'aa, anakiweka kati ya shavu na fizi, upande wa kushoto. Kinashinda humo siku kadhaa, anakitoa wakati wa kula na kulala tu. Shavu likikaa kimya, mwenye meno anaitwa aje achukue. Shavu likiwasha, meno yanavunjwa, kazi inaanza upya.

Kwa watu wa Ufipa hilo si la ajabu. Huku kwetu ukimkaribisha mtu pombe ya ulezi, unapiga funda la kwanza wewe mwenyewe mbele ya macho yake, ndipo unampa. Akiona umemeza na bado umekaa palepale, anapokea. Mji wenyewe jina lake ni kumwambia mtu atupe uchawi wake, basi utampaje mwenzio kitu cha kuingia mdomoni hujakionja? Lakini sheria hiyo ina upande wa pili. Kama umeonja ukabaki mzima, halafu mgeni akaugua, watu hawamwangalii tena mwenye pombe. Wanamwangalia mgeni. Wanajiuliza amekuja na nini ndani yake.

Upande huo wa pili nilikuwa naujua tu, kama mtu anavyojua njia ya kisimani. Sikuwahi kuufikiria mpaka ulipomwangukia mzee Wilibrodi.

Shangazi alizaliwa Mpui, kwenye nyumba ya kulima mahindi na ulezi. Bibi, mama yake, meno yalimwisha akiwa bado na nguvu za kushika jembe. Shangazi anasema kilichomuuma si kumwona mama yake anakunywa uji. Ni kumwona kwenye sherehe amekaa pembeni, anasema ameshiba, na nyama inapita mbele yake. Alipokuwa msichana alipelekwa Tanga kumsaidia ndugu aliyejifungua. Huko akamkuta mzee Zenon, Mfipa mwenzetu ambaye zamani alikwenda kukata mkonge na akaishia kuwa fundi wa meno. Shangazi alianza kwa kumfagilia karakana, akamaliza kwa kumfumba macho siku alipofariki.

"Jino ni chakula," mzee Zenon alikuwa akimwambia. "Usimpe mtu chakula ambacho hujakiweka mdomoni."

Punje ya shavuni ilikuwa ya mzee Zenon. Shangazi aliirithi pamoja na vikopo vya shaba. Aliporudi Ufipa bibi alikuwa ameshakufa, na meno ya kwanza aliyoyatengeneza huku akawapa watu baki.

Miaka yote hiyo alipika meno kwa mkaa. Anainjika sufuria mchana, moto unakula polepole, kikopo kinashinda humo na kulala humo, asubuhi tunakuta majivu na maji ya uvuguvugu. Mwaka juzi tukapata jiko la gesi. Huku kila mwenye gesi anajua utaratibu: chai kwa gesi, maharage kwa mkaa, maana ukiyang'ang'ania maharage kwa gesi mtungi utaisha na harage bado linagonga kwenye jino. Lakini meno shangazi aliyahamishia kwenye gesi. Haina majivu ya kuruka juu ya kazi. Tena mzee Zenon mwenyewe alimfundisha kwamba maji yakishatokota, saa moja inatosha. Tanga walikuwa wanapika hivyo, na meno yanatoka mazuri. Basi shangazi akawa anaangalia saa ya ukutani, ikifika anazima.

Na punje ikawa inakaa kimya kuliko hata zamani.

Mzee Wilibrodi ni katekista wa Mpui. Alikuja kuchukua meno yake baada ya mavuno, amevaa koti la Jumapili. Shangazi alimvalisha, akamshikisha kioo. Mzee hakujiangalia. Alirudisha kioo mezani, akafanya ishara ya msalaba na kusema polepole, "Salamu Maria, umejaa neema." Akalirudia lile neno la kwanza peke yake. "Salamu." Ile sauti ya S ilikuwa inatoka kwenye meno, si kwenye pengo. Akacheka kama mtoto. Mkewe, mama Luciana, akamwambia, "Haya, sasa usije ukatusalisha mpaka jua lizame."

Miezi ilipita. Ukaja ule msimu wa upepo, ambao asubuhi nyasi zinakuwa na weupe na mtu anaongea moshi unamtoka. Mama Luciana akaja peke yake.

"Shikamoo," nikamwamkia.

"Marahaba, Modesta. Shangazi yupo?"

Mama Luciana ni mtu wa Kirando, wa ziwani. Sauti yake tumezoea ni ya kumwita mtu aliye kwenye mtumbwi. Siku hiyo aliongea kama mtu aliye wodini. Aliingia chumba cha mbele, akaweka mezani kitu kilichofungwa kwenye kipande cha kanga.

"Karibu, mama katekista," shangazi akasema. "Mzee hajambo?"

Mama Luciana akafungua kanga. Ndani mlikuwa na meno.

"Haya meno nayajua," shangazi akasema. "Mwenyewe je?"

"Mwenyewe amebaki kidogo sana."

Akatueleza. Meno yalianza kumwasha katekista tangu wiki ya kwanza, kama mtu aliyepakwa pilipili kwenye fizi. Watu walimwambia meno mapya lazima yaume kidogo, akavumilia. Fizi zikawa nyekundu, halafu vidonda. Anayavaa kanisani, akirudi anayatoa na kushika maji ya chumvi mdomoni huku machozi yanamtoka. Sasa hata bila meno hawezi kutafuna kitu. Anaishi kwa uji.

"Mbona hamkuja mapema?" shangazi akauliza.

"Alikataa. Anasema, 'Avelina aliyaonja. Kama yeye hayakumwasha, basi kibaya ni kinywa changu.'" Mama Luciana akajifunika mabega vizuri. "Na watu nao."

"Watu wanasemaje?"

Akanitazama mimi kwanza, kama anapima kama nina umri wa kusikia. Halafu akasema. Leonsi mwenye mashine ya kusaga alimwambia katekista mbele ya wanawake wenye ndoo za mahindi: "Mzee, jino limekuonja likakutapika. Umelilisha nini?" Watu wakacheka. Kicheko kikaisha, lakini maneno yakabaki. Kitu kimeonjwa na fundi, fundi mzima, na kinywa cha katekista kinakikataa. Kuna nini kwenye kinywa hicho? Mama mmoja akamwondoa mtoto wake kwenye mafundisho ya komunyo. Kwenye benchi la kanisa pakawa na nafasi kila upande wake, na kanisa lenyewe si kubwa. Mwishowe mzee akaurudisha ufunguo wa kanisa kwa wazee wa kanisa, akasema sauti imemkauka.

"Sijaja kutaka meno mengine, Avelina," mama Luciana akasema. "Nimekuja uniambie kitu kimoja tu. Uliyaonja kweli?"

"Niliyaonja."

"Siku zote zile?"

"Siku zote."

"Basi mume wangu ana nini?"

Shangazi aliyachukua meno, akakata kipande chembamba kwenye ukingo wake, akakisugua, akakiweka shavuni kushoto. Tukakaa. Mama Luciana alikuwa ameshakosa gari la kurudi, ikabidi alale kwetu. Mchana ukaenda. Kila baada ya muda shangazi alikisogeza kile kipande kwa ulimi, na mama Luciana alikuwa anamtazama shavu kama mtu anayengoja mlango wa daktari ufunguliwe. Jua likawa linashuka.

"Kinasemaje?" akauliza.

"Kimya," shangazi akasema.

Mama Luciana akainamisha kichwa, akaanza kukunja ile kanga yake.

Mkaa ulikuwa umetuishia, kwa hiyo chakula cha jioni nilikipika kwa gesi. Ugali ulikuwa mzuri. Maharage yalitokota mpaka povu likazima moto mara mbili, nikaona inatosha nikayaepua. Mama Luciana alitia tonge la kwanza mdomoni akasimamisha taya.

"Modesta, mwanangu. Haya ni maharage au kokoto za barabara?"

"Mkaa umeisha, mama."

"Hata ungekuwepo! Watu wa huku juu mnapika maharage kama mnangoja kiama. Kwetu Kirando unainjika asubuhi, dagaa wako mchangani hawajakauka upande mmoja, harage limeshapasuka. Nilipoolewa huku nikadhani mama mkwe ananipa kuni zenye dawa. Sufuria inatokota, inaruka, na harage limenikodolea macho."

"Ni baridi ya huku," nikasema.

"Baridi inaingiaje kwenye sufuria inayotokota?"

Nilidhani shangazi atacheka, maana mama Luciana alikuwa ndiyo kwanza amerudisha sauti yake. Hakucheka. Alitoa harage mdomoni, akaliweka kwenye kiganja na kulibonyeza kwa kidole gumba. Ganda lilikuwa laini. Ndani palikuwa pagumu, peupe.

"Na Tanga yalikuwa yanaiva upesi," akasema.

Akageuka akatazama jiko la gesi. Juu yake, pembeni, ndipo vilipokaa vikopo vya shaba. Alivitazama, akarudi kulitazama lile harage kiganjani. Akanyanyuka, akaosha kile kipande cha meno ya katekista, akakirudisha mdomoni. Safari hii alikiweka kulia, akalala nacho. Sikuwahi kumwona anaweka kitu upande huo.

Asubuhi alisimama dirishani na kioo, akamwita mama Luciana.

"Nitazame huku kulia."

"Pamekuwa pekundu. Pamevimba kidogo. Avelina, hapa pameungua."

"Ndiyo, panawaka moto tangu nilipoamka. Na kushoto?"

Mama Luciana akamgeuza uso kwenye mwanga, akaingiza kidole chake kilichooshwa kwa sabuni, akavuta shavu. Ndani ya shavu, pale ambapo punje zote zilikaa, palikuwa na baka jeupe lenye mikunjo, kama ngozi ya mguu uliokaa sana kwenye maji.

"Huku umejifanya nini?"

"Ndiko ninakoonjea."

"Hili si shavu tena, dada. Ni kisigino."

Shangazi akakaa kwenye kiti chake cha kazi. Vile vinywa vya plasta vilikuwa juu yake ukutani, vimeachama vyote. Alikaa hivyo mpaka chai ikapoa. Mwishowe akasema, si kwetu, "Basi mzee wa watu amehukumiwa na kisigino."

Daktari Atusaye ni mtu wa Mbeya, bado kijana, anavaa sweta juu ya koti jeupe kwa sababu anasema baridi yetu haina adabu. Siku zote anamwamkia shangazi kwanza, halafu wanataniana kuhusu nani ana meno mabaya, Wafipa au Wanyakyusa. Siku hiyo tulipofika kliniki alisema "Shikamoo mama" na utani wake ukaishia hapo, kwa sababu shangazi alikuwa ameshafungua mdomo. Alisogeza taa. Akapapasa lile baka kwa kidole chenye glovu, akapapasa na chini ya taya.

"Nyama hai ikisumbuliwa mahali pamoja kila siku, mama, inajenga ukuta," akasema. "Ikishajenga ukuta haisikii tena. Ungeweka hapa kaa la moto ingekaa kimya."

"Nimeona."

"Na mara nyingine ukuta wenyewe unageuka ugonjwa mbaya. Sisemi umegeuka. Nitakata kipande kidogo kiende Mbeya, wakakiangalie."

Shangazi akaitikia kwa kichwa. Halafu badala ya kuuliza habari ya shavu lake, akauliza habari ya maharage. Alieleza yote, gesi, saa moja, Tanga, Kirando. Daktari alivua glovu akasikiliza mpaka mwisho.

"Huku juu maji yanatokota mapema," akasema. "Yanatokota kabla hayajapata ule moto wa pwani. Ukiyaacha muda mrefu kama ulivyokuwa unafanya kwa mkaa, hakuna neno. Lakini saa moja ya huku si saa moja ya Tanga. Unga unashika kwa nje, na yale maji yake makali yanabaki ndani. Kinywani yanatoka kidogokidogo, fizi inayanywa." Akazitupa glovu ndooni. "Na mimi nilimpima mzee nikamwachia aje kwako. Sikumwita tena nimtazame. Nilijua umeshaonja, nikaona imetosha. Hilo ni langu."

"Sasa nisionje tena?"

"Kabisa. Usiweke tena hata kushoto, hata kulia."

"Nani ataonja?"

"Kinywa chako hata kingekuwa kizima, mama, kingejibu kwa ajili yako. Cha mzee Wilibrodi kitajibu chenyewe. Vidonda vikipona, punje tutaiweka kwake, siku chache, mimi naangalia fizi kila ninapoweza. Ikibadilika rangi tunaitoa."

Akamkata. Akamtia uzi.

Shangazi akapika meno mapya kwa mkaa. Mkaa ulinunuliwa siku hiyohiyo, na sufuria ikatokota mchana kutwa na kukesha juu ya jiko. Yakatoka, yakalazwa kwenye mtungi wa maji, maji yakawa yanabadilishwa asubuhi na jioni, mpaka ukinusa hupati harufu yoyote. Mama Luciana alikuwa amerudi Mpui na dawa ya kusukutua. Alipotuma neno kwamba vidonda vimefunga, Jumapili mimi na shangazi tukaenda. Meno hakuyabeba. Alibeba punje peke yake, kwenye kichupa, na uzi bado uko shavuni.

Ibada ilisalishwa na mzee mwingine wa kanisa, aliyekuwa anasoma kwa kujikwaa. Mzee Wilibrodi alikaa nyuma karibu na mlango, mtandio wa mkewe umemfunika mdomo. Koti la Jumapili lilikuwa linamning'inia kama limetundikwa kwenye msumari. Nafasi iliyokuwa kila upande wake niliiona mwenyewe. Nikaenda kukaa hapo.

Matangazo yalipofika shangazi aliomba kusema. Alianza, na kwa kuwa uzi ulikuwa unamvuta, maneno yakatoka yamevimba. Mtoto mmoja mbele akasema kwa sauti, "Ana punje! Anaonja!" Kanisa likacheka.

"Sionji," shangazi akasema. "Nimeshonwa."

Kicheko kikakatika.

"Meno ya katekista niliyapika vibaya. Hayakuiva. Na shavu langu lilisema yameiva kwa sababu limekufa. Mnasema kinywa chake kimekataa kitu kilichoonjwa. Nawaambia hakikuonjwa. Kinywa chake ndicho kilichosema kweli, changu kikasema uongo, na mimi nikaamini changu. Anayetaka kuona aje aone."

Akafungua mdomo pale mbele, akalivuta shavu kwa kidole. Watu hawakusogea. Ni jambo la aibu mtu mzima kuachama mbele ya watu, na wengine walitazama chini. Bibi Fortunata ndiye aliyenyanyuka, mkongwe kuliko wote kijijini, akaja na mkongojo wake, akamgeuza shangazi uso upande wa dirisha, akatazama kwa muda mrefu.

"Limekufa," akawatangazia.

Basi wakaja mmoja mmoja. Walipokwisha kupita, shangazi alimtafuta mtu kwa macho.

"Leonsi. Yako niliyapika mwezi mmoja na ya katekista. Yako wapi?"

"Yapo," Leonsi akasema bila kufungua midomo sana.

"Yapo wapi?"

Leonsi ni mtu mnene, wa kujaza mlango. Aliangalia kulia, akaangalia kushoto, akatia mkono kwenye mfuko wa koti, akatoa meno yake.

"Yananiwasha tangu siku ya kwanza."

"Mwanaharamu!" Mama Luciana alisahau yuko kanisani. "Na ulikuwa unamcheka mwenzio!"

"Ningesemaje, mama? Ningesema, ningekuwa wa pili."

Hakuna aliyecheka. Mwanamke mmoja upande wa kushoto alifungua mkoba wake, akatoa kitambaa, naye ndani yake mna meno. Mzee mwingine akavua ya kwake palepale, akayashika mkononi. Nilitazama mikono ile. Wote walikuwa wamekaa na maumivu yao kwenye mifuko, kila mtu anaogopa ya kwake yasije yakaonekana, na wakamwachia katekista ayabebe peke yake.

Mzee Wilibrodi alinyanyuka, mtandio ukamwanguka begani. Mashavu yake yalikuwa yamekwenda ndani. Alipita katikati ya benchi mpaka mbele, na watu wakangoja atasema nini, maana alikuwa na haki ya kusema lolote. Shangazi akapiga goti.

"Umeumia, mwanangu," mzee akamwambia.

Shangazi akafungua kichupa akatoa punje. Mkono wake ukainuka wenyewe kuelekea mdomoni, miaka yote ile ndiyo iliyouinua, ukasimama njiani. Mzee Wilibrodi akaichukua ile punje kati ya vidole vyake, akaiinua kidogo watu waione.

"Leo mgeni ndiye anayeonja kwanza," akasema, na akaiweka shavuni.

Daktari Atusaye alikuja Mpui akamtazama, akaja tena. Fizi ilibaki na rangi yake. Ndipo meno yakapelekwa, na ufunguo wa kanisa ukarudi kwenye msumari wake nyumbani kwa katekista. Ya Leonsi na ya wale wengine shangazi anaendelea kuyapika upya, moja baada ya jingine, kwa mkaa, na kila mmoja anaitwa kwanza kwa punje yake. Wapo wanaolalamika. Wanasema zamani ilikuwa rahisi, Avelina alikuwa anaumia kwa niaba yao.

Jibu la Mbeya lilikuja kabla ya mvua. Si ule ugonjwa. Lakini daktari amesema lile baka lazima litazamwe kila baada ya miezi, maisha yake yote, na shangazi anakwenda.

Mavuno ya ulezi yaliyofuata tulialikwa kwa katekista. Mama Luciana alipakua maharage, akasimama mikono kiunoni, akamtazama mumewe anavyotafuna mpaka mzee akamwambia, "Kaa chini, mama, yameiva." Halafu akaleta pombe. Mzee Wilibrodi alipiga funda la kwanza kama inavyotakiwa, akafuta mdomo, akakaa kidogo tumwone. Akampa shangazi kibuyu.

Shangazi alikipokea kwa mikono miwili. Akainamisha kichwa upande, akanywa kwa shavu la kulia.